Taa ya lava ya zamani: nta imekwama juu, nimwage maji nitie mengine?

BintiTononoka

Assalam aleikum wana baraza.

Nimepata taa ya lava ya kizamani, ile ya chupa yenye maji ya rangi na nta inayopanda na kushuka. Kuna nyumba Kizingo wenyewe walikuwa wanahama, wakatoa vyombo vyao nje wakauza. Nimelipa Sh2,500. Aliyeniuzia asema ilikuwa ya babake, alikuja nayo kutoka Uingereza akiwa kijana. Kitako ni cha madini, rangi ya shaba, chini pana, kiunoni chembamba, kisha chapanuka tena kuipokea chupa. Maji ni ya manjano na nta ni nyekundu.

Sasa shida. Nikiiwasha, nta huyeyuka vizuri, hupanda vidonge viwili vitatu, yapendeza kweli kweli. Baadaye yote hujikusanya juu kwenye shingo ya chupa, donge moja, ikakaa huko huko. Haishuki mpaka nizime nikalale, asubuhi naikuta imelala chini kama kawaida. Tena maji yana ukungu kidogo, na juu yake pana nafasi tupu ya kama vidole viwili. Sijui yamepungua ama ndivyo yalivyo.

Balbu ni ya zile za zamani zenye kiuzi ndani, 60W, niliikuta kabatini kwa bibi. Ya LED nilijaribu, ikawaka tu, nta haikutikisika.

Fundi mmoja hapa mjini aniambia nifungue, nimwage kila kitu, nitie maji ya chumvi na mafuta ya taa. Koleo ninalo mkononi lakini moyo unasita. Nifanyeje? Na nitajuaje kama ni ya zamani kweli au nimeuziwa ya juzi?

KijanaWaMtwapa

Fungua tu dada, mbona wajitesa. Mie nilitengeneza yangu shuleni: maji, mafuta ya kupikia, rangi ya keki, na ile dawa ya tumbo ya kutoa povu. Ilicheza mpaka mwalimu akacheka. Kisayansi si kitu kimoja?

MzeeWaMakadara

Waleikum salaam binti. Weka hilo koleo chini, ndipo tuzungumze.

Mafuta ya taa ndani ya chupa ya kioo iliyokaa juu ya balbu yenye moto! Huyo fundi wako ana ugomvi na watu wa Tononoka? Wala usimsikize huyu kijana wa Mtwapa. Yake ni mapovu ya hewa yanayobeba maji ya rangi, yakiisha yameisha. Yako ni kitu kingine kabisa.

Mimi nilikuwa fundi wa stima melini, na hizi taa nimeanza kuzipenda tangu mabaharia wenzangu walipokuwa wakiteremka nazo Kilindini wamezifunga kwa blanketi. Ninazo rafu nzima, na mke wangu ashakata tamaa ya kuipata rafu hiyo kwa vikombe vyake. Kwa hivyo nisamehe nikirefusha.

Taa yako haina ugonjwa. Ina joto la Mombasa.

Nta ile imepimwa ikikaribiana sana uzito na maji yaliyoizunguka. Ikiwa baridi ni nzito kidogo kuliko maji, basi hulala chini. Balbu ikiipasha hutanuka, huwa nyepesi, hupanda. Ikifika juu yatakiwa ikute ubaridi, isinyae, iwe nzito tena, irudi. Mchezo wote ni tofauti ya joto kati ya chini na juu ya chupa. Sasa fikiri ilikotoka: wenyewe waliitengeneza kwa vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Sisi Februari sebuleni ni 31, 32, na madirisha yote wazi. Nta imefika juu, nako juu ni moto. Irudi kufanya nini?

Halafu umeikalia na 60W. Hiyo imezidi. Tafuta 25W, na ukiona bado yang'ang'ania juu shuka mpaka 15W. Najua utaniambia maduka yote sasa ni LED tupu. Uliza balbu ya ndani ya ovena, zipo za 25W na zimeumbwa kustahimili joto, au ile ndogo ya cherehani au ya jokofu, 15W. Mafundi wa cherehani huwa nazo. Angalia tu soketi yako ni ya pini au ya kuskurubu kabla ya kutoka nyumbani. Za vifaranga za duka la mifugo usiguse, zile ni za kupikia kuku, si za kumlea. Ukipenda kumaliza kabisa, funga dima kwenye waya, ile swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga. Ukizungusha utaona mwenyewe pale nta inapoanza kushuka. Isikae saa nyingi mno, sita au saba zatosha, kisha zima ipoe mpaka mwisho. Mimi zangu huwasha baada ya Isha, msimu wa kusi ndio nafaidi. Kaskazi nazipumzisha, au nawasha kile chumba chenye eesii pekee.

Nafasi ya vidole viwili usiiogope. Iliachwa makusudi, kwa sababu maji nayo hutanuka yakipata moto na yakikosa pa kwenda yatasukuma kifuniko. Ingekuwa ya kiganja kizima ndio ningesema inavuja.

Ukungu, mara nyingi, ni mtikiso. Uliileta na nini kutoka Kizingo? Ukiibeba ikiwa moto, au ukiitingisha hata baridi, nta hukatika vipande vidogo mno visivyoonekana, vikaelea. Iwashe na kuizima vizuri siku kadhaa bila kuigusa, wakati mwingine hujisafisha. Na uiondoe dirishani, jua huila rangi na rangi ikiondoka hairudi. Chini ndani ya chupa utaona waya uliojizungusha duara. Huo kazi yake ni kuunganisha vidonge vya nta vinaporudi, visibaki vipande vipande. Kama umelala sawa, uache.

Sasa kwa nini nakukataza kufungua. Nta ya kawaida ni nyepesi kuliko maji, ingeelea tu siku zote. Ili iwe nzito, taa nyingi za mwanzo zilichanganyiwa kemikali iitwayo kaboni tetrakloridi. Ni sumu, huharibu ini, hata mvuke wake si wa kuvuta, na Marekani iliipiga marufuku kwenye bidhaa za nyumbani mwaka 1970. Yako kama ni ya umri huo, huwezi kujua kilichomo kwa kunusa. Na hata ikiwa haina, vipimo vile vya uzito ndivyo taa yenyewe. Ukimwaga umebaki na chupa na bati. Mkusanyaji yeyote atakayeiona atauliza swali moja: maji ni ya asili? Ukungu wako wa asili una thamani kuliko maji yako ya bomba yanayong'aa.

Na kwa wote wanaosoma: isipandishwe jikoni ili iwahi kuwaka. Mwaka 2004 kijana mmoja huko Kent, jimbo la Washington, aliiweka juu ya jiko, ikapasuka, kigae cha kioo kikamchoma moyoni akafa.

Kuhusu umri, igeuze kitako (chupa itoe kwanza, ikiwa baridi, uisimamishe wima) utazame chini. Aliyeanzisha ni Mwingereza Edward Craven Walker, rubani wa wakati wa vita. Aliona kwenye baa kichombo cha kupimia yai linalochemka, chenye vimiminika viwili visivyochanganyika, akakaa nalo wazo miaka mpaka akatoa taa ya Astro mwaka 1963. Chupa yake aliitoa kwenye umbo la chupa ya sharubati ya machungwa, ndiyo maana ukiitazama waona kiu. Mengine ya maisha yake hayasimuliwi barazani. Kampuni yake iliitwa Crestworth, iko mji wa Poole, na mwaka 1992 jina likageuka kuwa Mathmos. Kwa hiyo ukisoma Crestworth chini, ni ya kabla ya hapo. Ukisoma Mathmos, ni ya baadaye, na si mbaya pia.

Tazama na rangi za waya. Nyekundu, nyeusi na kijani ni mtindo wa Uingereza mpaka mwisho wa miaka ya 1960. Kahawia, buluu na kijani chenye mstari wa njano ni wa baada ya hapo. Ila waya huweza kubadilishwa, kwa hiyo usiape kwa waya peke yake. Kama ni nyuzi mbili tu na kitako ni madini, mwambie fundi (si yule) akuwekee ya tatu, ya ethi (ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini), na fyuzi ya 3A kwenye plagi. Zile za 13A wanazozijaza ovyo haziilindi taa.

MamaNadia_Nyali

Ami shikamoo. Mie nami ninayo, kaka yangu alitoka nayo Marekani. Kitako ni cha rangi ya dhahabu chenye vitundu vidogo vidogo, ukiwasha gizani ukuta wote wawa nyota. Sijathubutu kuichomeka kwa sababu plagi ni ile ya vijino viwili bapa. Adapta ya Sh150 haitoshi?

MzeeWaMakadara

Marahaba. Umefanya la maana kutoichomeka. Hiyo ni ya Kimarekani, aina iitwayo Century. Wamarekani wawili waliiona taa ya Craven Walker kwenye maonyesho ya biashara Hamburg mwaka 1965, wakanunua haki za kuitengeneza kwao, wakaanzia Chicago. Kwako ni nzuri kuliko ya binti, sema hivyo kimya kimya asisikie.

Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, volti hazigusi. Balbu yako ni ya 120V, ukiitia kwenye 240V zetu itavuta nguvu kupita kiasi. Itapasuka kabla hujakaa kitini. Lakini ndani ya taa hakuna mashine yoyote, ni waya, soketi na balbu basi. Toa soketi yake ndogo uihifadhi kwenye mfuko pamoja na plagi, usitupe, tia soketi na waya wa hapa na balbu ya 240V isiyozidi 40W, na kwa Nyali hii ya sasa anza na 25W. Au nunua transfoma ya kushusha volti uiache kama ilivyozaliwa. Mimi ningependa hilo la pili.

KijanaWaMtwapa

Sawa mzee, nimenyamaza. Lakini Sh2,500 kwa taa isiyoweza hata kukusomea gazeti?

MzeeWaMakadara

Gazeti lasomwa mchana, mwanangu.

BintiTononoka

Ami, Mungu akuweke. Nilipata balbu ya ovena ya 25W kwa muuza vifaa Marikiti, alinitazama kama ninayeuliza pembe za ndovu. Jana usiku niliwasha feni chumbani, haikuipuliza taa yenyewe. Nta ilipanda na kushuka mpaka karibu saa tano, kisha ikaanza tena kujikusanya juu, nikazima. Ukungu bado upo ila naona mwanga wa nyuma sasa. Leo nitatafuta dima.

Chini pana karatasi imechakaa, ila nimesoma CRESTWORTH na POOLE. Waya ni nyekundu na nyeusi tu, hakuna ya tatu. Na niliileta kwa tuktuk, nimeipakata, barabara yote ya mashimo.

Mkusanyaji_Kibokoni

Binti, nakupa elfu nane leo leo. Nakuja mwenyewe na sanduku.

BintiTononoka

Siuzi kaka.

MzeeWaMakadara

Elfu nane! Yule ashaisoma ile karatasi, ndiyo maana aja na sanduku.

Binti, karatasi hiyo usiisugue wala usiipake gundi. Na tangu leo usiichomeke tena mpaka waya ya ethi iwekwe, hata kama inacheza vizuri. Waya wa zamani mpira wake hukauka ukapasuka pale unapoingia kitakoni, upinde kidogo kwa kidole uone. Ukiona nyufa, ubadilishwe wote, ule wa asili uviringe uuweke ndani ya bahasha na jina la taa juu yake. Ukikosa fundi unayemwamini niandikie hapa, nitakuelekeza kwa mwanafunzi wangu mmoja Majengo. Mwambie aje na mita ya kupimia umeme.