VIPER imeshaundwa yote. Ilikuwa haki kutaka kuifungua vipuri?

MLETA MADA

Wakuu, habari za leo. Jambo hili limenikaa kooni tangu Julai 2024, nikaona nililete mezani tulijadili.

Kwa ambao hawakulifuatilia: VIPER ni kigari cha roboti cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kilo 430 hivi, kilichotengenezwa kwenda ncha ya kusini ya Mwezi kutafuta barafu. Tarehe 17 Julai 2024 NASA ilitangaza kuufuta mradi. Kigari kilikuwa kimeshaunganishwa chote, kimebakiza majaribio ya mtikisiko, kelele, baridi na ombwe. Zilikuwa zimekwenda dola milioni 450 hivi. Wakasema kufuta kutaokoa angalau milioni 84, na vifaa vyake vifunguliwe vitumike kwingine. Maelfu ya watu walitia sahihi barua ya kuliomba Bunge la Marekani lizuie. Septemba 2025 NASA ikageuka, ikaipa kampuni ya Blue Origin mkataba unaoweza kufika dola milioni 190 wa kukifikisha Mwezini mwishoni mwa 2027.

Mimi nasema ule uamuzi wa 2024 ulikuwa kosa, na nitaeleza kwa kazi ninayoijua. Nachimba visima, Dodoma na Singida. Kuna kijiji tuliitwa, mpimaji alishapita na waya zake, karatasi inaonyesha maji. Lakini kile kipimo hakipimi maji. Kinapitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani, na mfinyanzi wenye unyevu au maji ya chumvi husomeka karibu sawa na maji matamu. Tukasimamisha rigi. Kila mita tatu tunatoa vumbi la mwamba na kulipanga chini kwa mstari, mafungu madogo madogo kama ya nyanya sokoni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anapita fungu kwa fungu, anachota, anasugua kwa vidole akitafuta unyevu. Mita 40, kavu. Mita 70, kavu. Mita 110 tukazima mashine. Michango ya watu wa kijiji kizima imekwenda kwenye tundu lisilo na kitu.

Mwezi nao una karatasi tu. Mwaka 1998 chombo cha Lunar Prospector kilihesabu chembe za nyutroni kutoka juu, kikaona dalili za haidrojeni, kimoja cha viungo vya maji, kwenye ncha zote mbili. Haidrojeni bado si maji. Tarehe 9 Oktoba 2009 NASA ikabamiza kipande cha roketi ndani ya kreta, yaani shimo kubwa, ya Cabeus karibu na ncha ya kusini, na katika vumbi lililoruka wakakuta maji, takriban asilimia 5.6 ya uzito. Kreta moja, kishindo kimoja. Huwezi kupanga kambi ya watu, maji yao ya kunywa, hewa yao na mafuta ya roketi kwa tundu moja.

VIPER ina keekee ya mita 1. Inachimba sentimita 10, inapandisha vumbi juu, vifaa vinalisoma, kisha inarudi kuchimba kumi nyingine. Nilipoona hivyo nilikumbuka yale mafungu yetu. Siku 100 za kuzunguka, iingie hata kwenye vivuli ambavyo havijaona jua kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, ikiwa na taa zake za mbele. Kitu kama hicho kimeshakamilika, halafu unaleta spana?

Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, pole sana kwa kisima kile. Ila hoja yako ina tundu pia.

Mwaka 2021 NASA iliahidi kuumaliza mradi kwa dola milioni 433.5. Makadirio yakafika milioni 609.6. Kurushwa kukasogezwa kutoka 2023 hadi 2024, kisha hadi Septemba 2025. Mradi ukipita asilimia 30 ya ahadi yake, taratibu zao zinalazimu kuukalia kikao kama uendelee au ufe. Pesa iliyokwisha kutumika haiwezi kuwa sababu ya kutoa nyingine. Mtu aliyejenga nyumba kwenye mkondo wa maji, ukimwambia asipaue, atakujibu kuwa ameshamaliza msingi. Haisaidii.

Na usisahau kutua kwenyewe. Machi 2025 chombo cha Athena, cha kampuni binafsi ya Marekani, kiliangukia ubavu ndani ya kreta, kwenye mlima uleule wa Mons Mouton ambako VIPER ilipangiwa kwenda. Kilibeba keekee ya aina hiyohiyo. Haikuchimba kitu, betri zikaisha kesho yake.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba nimjibu ndugu hapo juu kuhusu kuchelewa. Mwaka 2022 NASA yenyewe ndiyo iliyosogeza safari ili chombo cha kutua, Griffin cha kampuni ya Astrobotic, kifanyiwe majaribio zaidi, na ikaongeza fedha kwa hilo. Kigari nacho kilicheleweshwa na vipuri, sikatai. Lakini usikitwishe kigari deni la mwenzake.

Kuhusu kuanguka: India iliangusha chombo chake Mwezini 2019. Tarehe 23 Agosti 2023 ikatua salama, karibu nyuzi 69 kusini, siku nne tu baada ya chombo cha Urusi, Luna 25, kugonga uso wa Mwezi. Wangeacha baada ya 2019 tusingekuwa na hilo la kusimulia.

MCHANGIAJI WA TATU

Niko Kigali. Mnazungumzia gharama, mimi nauliza majibu ya kipimo yatakuwa ya nani.

Mkataba wa anga za juu wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kuumiliki Mwezi. Lakini sheria ya Marekani ya 2015 inairuhusu kampuni yao kumiliki inachokichimba huko. Na sisi Rwanda tulitia sahihi Makubaliano ya Artemis, yale ya Marekani na wenzake kuhusu shughuli za anga za juu, Desemba 2022, pamoja na Nigeria, wa kwanza Afrika. Mle ndani imeandikwa kwamba kuchimba rasilimali si lazima kuhesabike kuwa ni kujitwalia Mwezi. Tumekubali hivyo, ni sawa. Basi walau tujue kilichopo.

Shirika la umma likipima, matokeo huwekwa wazi, mwanafunzi wa Huye, huku Rwanda, anayapakua bure. Kampuni ikipima kwa fedha yake, huo ni mtaji wake na itaufungia kabatini. Ndiyo maana mimi niko upande wa mleta mada, ingawa sababu zangu ni nyingine. Wachina nao wanayo safari yao ya Chang'e-7, iliyopangiwa 2026, ncha hiyohiyo ya kusini, na kifaa cha kuruka kuingia kwenye vivuli. Misri na Bahrain wamepakia kamera yao humo. Tusidhani hili ni la Washington peke yake.

MCHANGIAJI WA NNE

Mimi kijijini kwetu tunachota maji bwawani pamoja na ng'ombe. Milioni 609 za dola kutafuta maji ambako hakuna mtu. Mtanisamehe.

MLETA MADA

Huna cha kusamehewa. Nimechimba vijiji vya namna hiyo na naijua rangi ya maji yale. Nikikwambia fedha hiyo isipokwenda Mwezini itakuja kwako nitakuwa nakudanganya, inapitishwa na bunge la watu wengine. Nachotetea ni kitu kimoja: anayetaka kuchimba popote apime kwanza. Kijiji kile cha Singida kingepimwa kwa mara ya pili, mahali pengine, leo wasingekuwa wanakiangalia kile kifuniko cha chuma.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimesoma vizuri sharti la ule mkataba mpya: NASA itaamua kukipakia kigari baada ya kutathmini safari ya kwanza ya Blue Moon, chombo cha kutua cha Blue Origin. Hilo nalikubali, ni busara waliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo. Lakini lipo jambo hamjaligusa. Injini ya Blue Moon huunguza haidrojeni na oksijeni. Moshi wake ni mvuke wa maji. Mnapeleka kipima maji kwa gari linalomwaga maji pale linaposhukia?

MLETA MADA

Mkuu, hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu, ahsante.

Sisi pia tunapochimba kwa hewa tunaingiza maji na povu kutoa vumbi. Siku hiyo ukipima kisima unapima maji uliyoleta mwenyewe kwa boza. Kwa hiyo tunakisafisha, tunasubiri, ndipo tunapima. Kigari kimepangiwa kwenda kilomita nyingi, kwa hiyo kinaweza kuachana na pale kiliposhukia. Na mvuke unaotua huganda juu juu kwenye udongo, wakati keekee inasoma kila sentimita 10 hadi mita nzima. Maji yakionekana juu tu, chini kukavu, watashuku injini. Yakionekana chini, juu hakuna, hayo hayakuja na mtu.

Ila umenifanya niogope kitu kingine. Kila chombo kitakachotua huko kuanzia sasa, cha Marekani, cha China, cha yeyote, kitaacha mvuke wake, na vivuli vile ni baridi kiasi kwamba ukiganda humo hautoki. Vyombo vikishakuwa kumi, ishirini, nani ataweza kusema hili ni la asili na hili tulilileta? Ndiyo maana nilichukia sana yale maneno ya kukifungua vipuri.