Anajua majibu yote kwa mdomo, kusoma hawezi. Nimsaidieje?

Mwl_Rehema
Walimu na wazazi, habari za jioni. Nafundisha darasa la tatu shule ya serikali, wilaya ya Kilosa, watoto 84 chumba kimoja. Kuna kijana, nimwite Juma. Ukiuliza kwenye Sayansi kwa nini mahindi yananyauka, atakueleza mizizi, maji na jua mpaka wenzake wanageuka kumsikiliza. Mpe kitabu sasa. Anakaa kwenye mstari mmoja hadi kengele inalia. "Mbwa" anasoma "mba". "Ng'ombe" anabahatisha kwa kuangalia picha.

Wiki iliyopita niliwapa insha ya familia, akaandika: "Dada yangu ni bereva wa lori." Nikajiuliza, dada gani huyo? Kumbe ni baba, dereva. Herufi b na d zimebadilishana nafasi kila mahali.

Macho yamepimwa, ni mazima. Kikao cha walimu kinataka akariri darasa. Mwenzetu mmoja akasema huyu ni mvivu tu, na Juma alikuwa mlangoni ameshika madaftari, akasikia. Tangu siku hiyo hajanyoosha kidole. Naombeni, naanzia wapi?

Mwl_ElimuMaalumu
Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Nilisomea elimu maalumu pale chuo cha ualimu Patandi, na unachoeleza kinafanana sana na disleksia. Siwezi kumpima kwa maelezo tu, ila msaada hausubiri cheti. Si akili wala macho. Ubongo unapata taabu kuunganisha sauti na herufi. Mara nyingi hutembea kwenye ukoo, kwa hiyo waulize wazazi wake kwa upole.

Kukariri darasa kutamrudishia kitabu kilekile kwa njia ileile. Pigania hilo kwenye kikao. Na ujue Kiswahili kinatuficha watoto hawa: kwa kuwa kinasomwa kama kilivyoandikwa, wengi hujikongoja wakasoma sawasawa lakini polepole mno, tukawaita wazito. Kiingereza ndicho kitakachomtesa zaidi, herufi moja ina sauti kibao.

Anza na sauti, bila kitabu, dakika 10 kila asubuhi. Apige makofi ki-ta-bu. Muulize, tukitoa "ki" kinabaki nini? Kisha okoteni vizibo vya soda, andika silabi kwa maka peni, apange maneno kwa mkono wake. B na d usizifundishe pamoja, tafadhali. Kaza b wiki mbili, aichore mchangani kwa kidole huku akiitamka, ndipo ulete d. Mbwa, nywa na ng'o ziwe mwisho kabisa.

Usimsimamishe kusoma mbele ya wenzake kwa kumshtukiza. Mpe aya jana yake aende nayo nyumbani. Kunakili ubaoni kunamla kipindi kizima, mpunguzie. Majibu ya Sayansi ayaseme, wewe uandike. Maswali ya jaribio yasome kwa sauti kwa darasa lote, maana kati ya hao 84 Juma hayuko peke yake.

Fundi_Giaboksi
Haya anayaandika binti yangu, mimi nazungumza. Nina miaka 41. Nilichapwa kwa ajili ya kusoma tangu darasa la pili, la sita nikakimbia shule. Leo giaboksi naifungua yote na kuirudisha bila karatasi, lakini meseji ya mteja mpaka nisomewe. Mwalimu, hivyo vizibo ni sawa, ila kwanza mwambie mtoto kwamba si mvivu, na umwambie mbele ya walewale waliokuwepo. Mimi sikuambiwa na mtu.

Mwl_Rehema
Kaka Fundi, nimekuelewa. Kesho asubuhi nitasema, na yule mwenzetu nimemwomba awepo.

Mama yake alikuja leo. Nilipouliza mambo ya ukoo alinyamaza kidogo, kisha akasema baba hati za mzigo husomewa na utingo. Miaka yote kasafiri hivyo.

Vizibo nimepata 40 kwa mwenye duka. Mchana nilibaki na Juma chini ya mwembe, akatafuta BA, akatafuta BA nyingine, akaviweka pamoja na kuvisoma kwa kidole mara tatu. Wakati wa kuondoka akauliza d tutaanza lini, maana dereva inaanza na hiyo. Nikamwambia wiki mbili.