Naomba ushauri: mdogo wangu amekutwa na uvimbe kwenye ventrikali (chumba cha maji) ya ubongo

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu, miaka 26, anateswa na kichwa tangu mwezi wa nne. Kinauma zaidi alfajiri, anatapika, kisha anapata nafuu kama si yeye. Tumemtibu malaria mara mbili na taifodi mara moja (kila zahanati ina taifodi yake!). Wiki mbili zilizopita aliinama kufunga kamba za viatu, miguu ikalegea ghafla, akadondoka. Fahamu hakupoteza.

Ndipo tukapiga CT scan. Ripoti inasema kuna kifuko cha mviringo, sentimita 1.4, kinachoonekana cheupe, sehemu ya mbele ya ventrikali ya tatu, palepale maji ya ubongo yanapopitia. Ventrikali mbili za pembeni zimepanuka. Daktari anasema inaelekea ni sisti ya koloidi (kifuko chenye ute mzito), si saratani, ila ikiziba njia ghafla inaweza kuua. Ametuonya asitolewe maji ya uti wa mgongo, ni hatari kwa hali yake. Anataka MRI kwanza, kisha ampe rufaa ya MOI (taasisi ya mifupa na ubongo), Muhimbili.

Mliopitia hili: mgonjwa wenu alitolewa uvimbe kwa kamera kupitia tundu dogo, au alifunguliwa fuvu? Kumbukumbu zilirudi? Huyu ni fundi umeme, na siku hizi anasahau hata waya aliokata dakika tano nyuma.

Halafu mama anataka twende kijijini kwa maombi kabla ya hospitali. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?