Klabu ya Simba haikuzaliwa 2019! Fainali ya 1993 mnaifuta sisi wenyewe tukiwa hai?

Wakuu,

Siku tatu nimekaa na hili jambo nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika.

Juzi asubuhi nipo kwenye daladala, foleni imekaza, redio iko kipindi cha michezo. Mtangazaji anahesabu matukio makubwa ya historia ya Simba. Akaanza na goli la Chama dhidi ya AS Vita ya Kongo, Machi 2019, lile la dakika za mwisho lililotupeleka robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Sawa, siku ile nilikuwa uwanjani na nililia. Akaja na goli la Luis Miquissone dhidi ya Al Ahly ya Misri, Februari 2021. Sawa. Halafu akafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco, Mei 2025, akasema kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ndiyo fainali ya kwanza ya Afrika tangu klabu ianzishwe. Abiria wametulia. Konda anaitikia, "Kweli kabisa." Kijana wa pembeni yangu kavaa jezi nyekundu, anatikisa kichwa kukubali.

Nilishuka kabla ya kituo changu, nikapiga simu studio. Kijana aliyepokea nilimweleza kwa adabu: ndugu yangu, 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan ya Ivory Coast, mchezo wa pili ukapigwa hapahapa Dar. Akanijibu hivi: "Mkubwa, hayo ya zamani hayana video. Sisi tunataja vitu ambavyo msikilizaji akivitafuta anaviona." Akakata.

Hayana video! Kwa hiyo sisi tuliokuwepo tumeota?

Nilikuwa na miaka 11. Mzee wangu alikuwa fundi cherehani Keko, na wiki ile nzima alishona bendera nyekundu na nyeupe mpaka vitambaa vikamwishia, akaanza kukata shuka. Tuliingia Uwanja wa Taifa (huu wa zamani, ambao leo unaitwa Uhuru) jua bado liko utosini, mechi ni jioni. Tulikaa mzunguko, tumebanana mpaka karanga ukitaka kula unainua mkono juu kwanza. Kule Abidjan tulikuwa tumetoka 0-0. Hesabu ya kila mtu ilikuwa moja: goli moja tu na kombe linalala Msimbazi, makao ya klabu. Rais Mwinyi alikuwa jukwaani. Nchi nzima ilikuwa na timu moja siku ile, na msinibishie, maana jirani yetu Yanga wa kufa na kupona alikuja kumwomba mzee bendera.

Halafu akatokea mchezaji wao, Boli Zozo. La kwanza. Likaja la pili. 2-0, nyumbani kwetu.

Sijawahi tena kusikia kimya kama kile. Watu wengi namna ile, na unasikia wachezaji wao wanavyoitana uwanjani. Mzee alikunja bendera taratibu, mara nne, kama anakunja nguo ya mteja, akaiweka kwapani. Tulitembea mpaka nyumbani bila neno. Kishina cha tiketi yake alikiweka kwenye kopo la Kimbo pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Amefariki, kopo ninalo mimi, kishina kimo.

Sasa mtu ananiambia fainali ya kwanza ni 2025.

Na kuna wajuaji watakuja hapa na hoja ya kwamba lile lilikuwa kombe jingine. Najua lilikuwa jingine. Kombe la CAF lilianza 1992, na 2004 likaunganishwa na Kombe la Washindi ndipo likazaliwa hili Shirikisho. Lakini mtangazaji hakusema fainali ya kwanza ya Shirikisho, alisema ya Afrika. Hiyo siyo kuteleza ulimi, huko ni kutojua na kutotaka kuambiwa.

Kinachoniuma zaidi, ukiifuta 1993 hufuti mechi moja tu, unamfuta mtu. Unamfuta Abdallah Kibadeni. Kibadeni ni wa kizazi cha 1974, kilichoiondoa Hearts of Oak ya Ghana kikafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Pale tukakutana na Mehalla ya Misri, tukashinda 1-0 hapa, wakashinda 1-0 kwao, tukatolewa kwa penalti. Kibadeni huyohuyo Julai 1977 aliwafunga Yanga matatu peke yake, siku ya 6-0. Na Kibadeni huyohuyo ndiye aliyekuwa kocha kwenye benchi 1993. Karibu miaka ishirini ya maisha ya klabu imepita kwenye mikono ya mtu mmoja, na kijana wa jezi mpya ukimtajia hilo jina anakuuliza alikuwa anacheza namba ngapi.

Na 1979 je? Mufulira Wanderers ya Zambia walikuja hapa Dar wakatupiga 4-0. Nne, nyumbani! Watu walishamaliza msiba. Simba ikapanda kwenda Lusaka ikashinda 5-0 na kuvuka. Niambieni ni timu gani katika ukanda huu imefanya kitu cha namna hiyo ugenini. Lingekuwa limetokea msimu uliopita, mngelitengenezea jezi maalum. Kwa kuwa ni 1979, halipo.

Hata 2003 mmeanza kuiacha, na hiyo wengi wenu mlishazaliwa. Zamalek ya Misri walikuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Tuliwafunga 1-0 hapa, Cairo wakatufunga 1-0, zikapigwa penalti. Juma Kaseja golini kwetu. Mkwaju wa mwisho akaupiga Christopher Alex, ukaingia, tukaenda hatua ya makundi. Sisi mtaani kwetu tulikuwa tumezunguka redio moja iliyofungwa betri kwa mpira wa baiskeli, na ulipoingia mtu akaipiga teke kwa furaha ikasambaratika. Christopher Alex alifariki 2013. Ni lini mara ya mwisho mmesikia anatajwa kwenye hizo orodha zenu?

Unajua nani anaikumbuka 1993 vizuri? Watani. Mtu wa Yanga hata ukimwamsha usingizini anakutajia Boli Zozo. Wametunza historia yetu ili watuchape nayo, na sisi wenyewe tumeiacha barabarani. Ndiyo maana tunakuwa wepesi wa kuaminishwa kwamba kila kitu kimeanza na hawa tunaowaona leo.

Na msiniambie ni aibu kukumbuka vipigo. Mei 2025 tulitoka Morocco na 2-0 mgongoni, marudiano Zanzibar, Mutale akafunga, Amaan ikawaka, mwisho wakasawazisha ikawa 1-1. Watu walilia kama ni mara ya kwanza. Nilikaa pale na mwanangu nimemshika mkono na nilijua kabisa ile ladha, kwa sababu niliionja nikiwa na umri wake. Nilimweleza usiku ule habari za babu yake na bendera. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakuniomba video.

Ninachotaka ni hiki. Ninyi mnaotangaza na kuchambua, mkitaka kusema "ya kwanza katika historia", tafuteni namba ya mzee mmoja tu aliyecheza miaka ya sabini, muulizeni kabla hamjafungua maiki. Wapo, wengine wako hapahapa mjini. Sisi wanachama tukikutana na viongozi, suala la kuwarekodi hawa wazee liulizwe kila mara mpaka lifanyike, maana kila mwaka tunazika mmoja au wawili, na tukishawazika wote huyo kijana wa studio atakuwa amesema kweli.

Kishina nitakipiga picha kesho kukiwa na mwanga, nikiweke kwenye uzi huu. Aliyekuwa Taifa siku ile ya Stella aandike hapa chini: ulikaa upande gani, ulikuwa na nani, ulirudi nyumbani kwa njia gani. Hata kama ni mstari mmoja.