Gumzo la NYUMBA YA BIBI: maji ya Jumamosi

*Alhamisi asubuhi*

Mama Idi: Asalaam aleikum nyote. Kaka Hamisi, umesharudi pwani? Mpwa wako Idi ananitoa roho. Kitabu chake kinasema maji huchelewa dakika 50 kila siku. Yeye amechomeka fito yenye alama pale ngazini kwetu Tudor, Mombasa, sasa anasema kitabu kinadanganya.

Ami Salim: Waaleikum salaam. Leo Alhamisi saa nne, watoto wa wenzenu wako darasani.

Mama Idi: Na huyu yuko darasani, shemeji, si namfundisha nyumbani. Ila darasa lake lina matope na kaa.

Shangazi Fatma: 😂😂😂

Mama Idi: Nawanakilia daftari lake. Maji kupwa kabisa: Jumanne saa 2:20. Jumatano saa 3:00. Leo saa 3:38. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu, "50 IKO WAPI?"

Shangazi Fatma: Yote hayo kayapata kwa fito?

Mama Idi: Kwa fito na saa ya baba yake. Maji yakikaribia kugeuka anasoma alama kila dakika mbili, haondoki. Uji umepoa hapo kwenye ngazi, chungu wameanza kuula.

Mjomba Hamisi: Nilikuwa nafunga chombo. Mwambie hajakosea. Bamvua likikaribia, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, leo na kesho hupishana nusu saa na kidogo tu. Ngoja maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, uone, siku na siku hupishana saa nzima na ushei. Hao wa kitabu wamekusanya mwezi mzima wakagawa.

Mama Idi: Wastani! Wiki iliyopita nimemfundisha wastani kwa bei ya nyanya, akasinzia.

Ami Salim: Hamisi, sababu hujasema.

Mjomba Hamisi: Mimi mvuvi, bwana. Sababu muulizeni ndugu yako mwenye vitabu.

Baba Idi: Niko kazini, nasema mara moja. Mwezi ndio unaochelewa dakika 50, jua halichelewi. Maji yanavutwa na wote wawili. Kwenye bamvua wamejipanga mstari mmoja na dunia, jua linayazuia maji yasichelewe sana, ndiyo maana hayafiki 50. Haya, bosi anakuja.

Bibi: (Ni mimi Zena naandika) Bibi anasema bamvua la huku kwetu Msambweni hupwa saa nne, saa nne na nusu, asubuhi na usiku, tangu yeye ni msichana anafuata pweza. Maji mafu yenyewe hupwa alasiri na hakuna la maana utakalopata. Anauliza mbona hakuna aliyemuuliza.

Mama Idi: Mama, tuwie radhi. Idi ameshachukua daftari, anaandika maneno yako.

Ami Salim: Mimi sibishani na maji. Naulizia mtihani. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi aandikishe mtoto shuleni. Chifu akibisha hodi utamtolea fito?

Mama Idi: Nitamtolea mafaili. Kazi zao zote nazihifadhi, zina tarehe. Mtihani atafanya IGCSE, ule wa kimataifa, kama mtahiniwa binafsi, wako waliotangulia kwa njia hiyo. Hilo la sheria sikufichi shemeji, huniamsha usiku. Lakini darasani kwao alikuwa anarudi analia, wewe mwenyewe ulimwona siku ya Idd.

Ami Salim: Nilimwona, kweli.

Shangazi Fatma: Na Rukia wangu, nduguye Idi, anasoma?

Mama Idi: Kitabu hataki hata kukigusa. Anasoma matatu zikipita, anasoma mfuko wa unga. Na juzi kwenye kikao cha harusi, uliona mwenyewe.

Shangazi Fatma: Usilitaje hapa 🙈

Mjomba Hamisi: Litaje.

Mama Idi: Kaenda nyuma ya Fatma, kaweka kidole kwenye leso, anasoma kwa sauti mbele ya wanawake wote: "Ha-si-di ha-na sa-ba-bu." Kimya. Kisha akauliza, "Shangazi, hasidi mwenyewe ni yupi hapa?"

Shangazi Fatma: Na mama mkwe kaketi mkono wangu wa kulia! Leso yenyewe nililetewa zawadi jamani, sikuichagua mimi.

Bibi: Bibi amecheka mpaka amekohoa. Anasema mtoto huyo anajua kusoma, mwacheni.

Ami Salim: Haya, mimi nashuka na treni kesho, Jumamosi twende wote Msambweni. Kupwa kutakuwa saa 5:18. Nimechukua ya leo nikaongeza 50 mara mbili.

Mama Idi: Idi huyu hapa, anaandika mwenyewe.

Mama Idi: Ami shikamoo. Mimi nasema ni saa 4:53. Ikikosea itakuwa kabla ya hapo kwa sababu tofauti ya siku na siku inapungua.

Ami Salim: Marahaba baba. Ukinishinda soda juu yangu.

Mama Idi: Mbili. Na Rukia.

Mjomba Hamisi: Jedwali la bandari ninalo na sisemi kitu. Ila Idi, fito yako iko ndani ya hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Huku nje maji hugeuka mapema kuliko huko kwenu.

Mama Idi: Mapema dakika ngapi mjomba???

Mjomba Hamisi: Lete fito. Na muwe hapa saa tatu, maji hufuatwa yakienda, si yakirudi.

Bibi: Bibi anasema kila mtu aje na viatu vya plastiki, hataki kung'oa mtu miiba. Na Fatma alete nazi tatu, za hapa zimepanda bei.

Shangazi Fatma: Naleta nne. Gari la nani lina nafasi?

Baba Idi: Langu, wawili nyuma na watoto. Salim, treni yako inaingia saa ngapi?