Naomba ushauri: mvinyo mwekundu wa bonde la Ahr utastahimili joto la Dar?

Habari zenu wakuu. Naishi Bonn, Ujerumani, na Desemba nakuja Dar kwenye sherehe ya baba mkwe kustaafu. Natamani kumletea mvinyo mwekundu wa bonde la Ahr, jirani na hapa, kutoka kwa familia moja ambayo baba, mama na binti yao ndio wanaochuma, kukamua na kubandika lebo. Mafuriko ya Julai 2021 yaliwaharibia ghala wakaanza upya, kwa hiyo nina kila sababu ya kuwaunga mkono.

Zabibu ni Pinot Noir, Wajerumani huiita Spätburgunder. Kule kuna baridi, hivyo mizabibu mingi imepandwa kwenye miteremko mikali ya mawe ya sleti, yanayofyonza jua mchana na kutoa joto usiku. Rangi yake si nzito. Ukiinua glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Unanukia cheri, na una uchachu mzuri sana.

Sasa, mzee amezoea mvinyo mtamu wa Dodoma. Uchachu huu hautamshinda? Nyumbani hakuna kiyoyozi, kuna friji tu: nikiiweka humo wiki mbili kisha niitoe kama nusu saa kabla ya kunywa, inatosha? Chakula kitakuwa pilau ya ng'ombe na mbuzi wa kuchoma. Kachumbari yenye pilipili nyingi naiogopa kidogo, nahisi itaufunika. Waliowahi kupitisha chupa uwanja wa ndege wa Dar (JNIA), kwenye begi mlizifungaje?