Naomba ushauri: hita ya chumbani na uniti za luku

Habari zenu wakuu. Niko Njombe, na baridi ya Julai si ya mchezo. Tuna mtoto mchanga, hivyo hita ya wati 2,000 inawaka kila usiku. Kwa hesabu yangu, saa 3 ni uniti 6, lakini mita inaonyesha zimepungua 4 na kitu. Ni kwa sababu inajizima yenyewe chumba kikishapata joto?

Kwenye mita pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa yake hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Nikizima vingine vyote, friji ikiwemo, hita ikiwa inawaka, ile taa nyekundu inapaswa kupepesa kama mara 33 kwa dakika, sivyo? Na mwenye shawa ya umeme ya wati 5,500, uniti 30 zinakufikisha siku ngapi? Naogopa umeme usije ukakata usiku wa manane.